Kisukari na mishipa midogo ya jicho: kutoka dalili hadi chanzo

Kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, utazame maandishi yaliyo mbali kwa jicho la kulia. Kisha badilisha. Macho mawili hufichiana siri: moja linaweza kuwa limepoteza nusu ya uwezo wake miezi kadhaa iliyopita na mwenye nalo asijue, kwa sababu la pili limekuwa likimfidia kimyakimya.

Ukishajua ni jicho lipi, jibu maswali matatu. Tatizo lilianza ghafla au lilinyemelea? Linabadilika ndani ya siku moja au limetulia palepale? Na je, linapungua ukitazama kupitia tundu dogo?

Hilo la tundu linahitaji kadi ngumu na pini. Toboa tundu la kama milimita 1, vaa miwani yako ya mbali kama unayo, funika jicho moja, usogeze kadi karibu na jicho lililobaki na utazame maandishi yaleyale. Yakisafika, kasoro ina uwezekano mkubwa wa kuwa mbele ya jicho: lenzi imevimba, miwani haifai tena, au mtoto wa jicho ameanza. Yasiposafika, au yakizidi kufifia, shuku retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Sababu ni rahisi. Tundu hupitisha miale ya katikati tu, ambayo haihitaji kupindwa sana na lenzi, kwa hiyo makosa ya lenzi yanafutika. Retina iliyolowa maji haisaidiwi na tundu, kama vile kioo cha kamera kilichosafishwa hakiwezi kuponya filamu iliyoungua. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari, bali kinakuambia uende kwa haraka kiasi gani.

Kuvuja na kuziba

Retina ni utando wenye unene wa takriban robo milimita, umetandazwa nyuma ya jicho, na kwa uzito wake ni miongoni mwa tishu za mwili zinazotumia oksijeni nyingi zaidi. Kapilari zinazoilisha ni nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita kwa mstari mmoja. Ukuta wa kapilari una seli za ndani zilizopangana kama vigae, utando unaozishikilia, na kwa nje seli ziitwazo perisaiti zilizoukumbatia mshipa na kuupa nguvu.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, perisaiti hufa kabla ya wengine. Utando unanenepa, ukuta unalegea, na mahali palipokosa mshiko panatuna kifuko kidogo. Vifuko hivi, ambavyo kwenye picha ya retina huonekana kama nukta nyekundu, ndiyo alama ya kwanza ambayo daktari huiona. Kuanzia hapo mshipa una njia mbili za kuharibika. Unaweza kuvuja maji, mafuta na damu ndani ya retina. Unaweza pia kuziba, na eneo lililokosa oksijeni likaanza kutoa kemikali iitwayo VEGF, ambayo kazi yake ni kuomba mishipa mipya iote. Mishipa hiyo huota kweli, ila ni dhaifu, tena huota mahali pasipofaa: juu ya retina, ikipanda kuelekea kwenye ute unaojaza jicho.

Karibu kila dalili ya retina iliyo hapa chini ni ya kuvuja au ya kuziba. Retina haina neva za maumivu, kwa hiyo yote haya hutokea bila kuuma hata kidogo. Mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho kabisa wa ubao wa herufi huku mishipa mipya imeshaota nyuma ya jicho lake.

Ukungu unaokuja na kuondoka, macho yote mawili

Asubuhi unaona vizuri, alasiri kila kitu kina ukungu, kesho yake mambo yamegeuka. Hii mara nyingi si retina. Sukari ya damu ikipanda, lenzi hubadilika umbo kwa kunyonya maji, na nguvu yake ya kukusanya mwanga hubadilika nayo. Tundu la kadi litasaidia hapa.

Pima sukari wakati ukungu upo na wakati haupo, uandike namba na saa kwa siku 7. Mfano wa kupanda na kushuka ukionekana, umepata chanzo. Usitengeneze miwani mipya mpaka sukari itulie kwa wiki 4 hadi 6; miwani iliyopimwa sukari ikiwa juu itakuwa ya kutupa ndani ya mwezi.

Kuna mtego hapa unaowaangusha wengi. Aliyeanza insulini au dawa mpya hivi karibuni, sukari ikashuka vizuri, huweza kujikuta hawezi kusoma maandishi ya karibu kwa wiki kadhaa. Anahitimisha kuwa dawa inampofusha, anaiacha. Ni lenzi tu inarudi kwenye umbo lake. Vumilia, tumia miwani ya kusomea ya bei nafuu kwa muda.

Ukungu ukija pamoja na jasho, kutetemeka na njaa ya ghafla, pima hapohapo. Chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) kula au kunywa gramu 15 za sukari inayoingia haraka, subiri dakika 15, pima tena.

Unaona vizuri, lakini ripoti inasema retina ina kasoro

Hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na ndilo lenye faida kubwa zaidi likishughulikiwa. Ripoti huwa na vifupisho. NPDR ni hatua ambayo uharibifu ungali ndani ya retina, bila mishipa mipya. Ina ngazi ndogo, ya kati na kali. PDR ni hatua ya mishipa mipya. DME ni maji kwenye makyula, sehemu ya katikati ya retina inayosoma na kutambua sura, nayo inaweza kutokea katika ngazi yoyote. Kwa hiyo mtu mwenye NPDR ndogo anaweza kuwa na DME, na mwenye PDR akakosa. Ukisoma ripoti, tafuta vitu viwili, hatua (NPDR au PDR) na DME, kila kimoja kivyake.

Ngazi kali hutambuliwa kwa kanuni ya 4-2-1. Retina hugawanywa robo nne: damu nyingi katika robo zote 4, au vena zilizotuna kama shanga katika robo 2, au mishipa midogo iliyopindapinda isivyo kawaida ndani ya retina katika robo 1. Moja kati ya hayo inatosha. Jicho lililofika hapo bila matibabu lina uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kuingia PDR ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana miadi hubadilika: ngazi ndogo miezi 6 hadi 12, ya kati miezi 3 hadi 6, kali chini ya miezi 3. Ukipewa miadi ya mwaka mzima huku ripoti inasema kali, uliza kwa nini.

Dawa ya hatua hii iko kwenye damu kuliko kwenye jicho. Utafiti wa DCCT, uliotangazwa mwaka 1993 kwa wenye kisukari cha aina ya 1, ulionesha kuwa waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza uwezekano wa retina kuanza kuharibika kwa 76%, na kwa waliokuwa wameshaanza kuharibika, kuendelea kwake kulipungua kwa 54%. Kwa wengi lengo ni HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu, karibu na 7%, ingawa mzee au mtu anayeshukashuka sukari huwekewa lengo legevu zaidi. Presha nayo haiko nyuma. Utafiti wa UKPDS wa mwaka 1998, kwa aina ya 2, ulilinganisha wastani wa 144/82 na 154/87. Tofauti hiyo ndogo ilipunguza kuzidi kwa uharibifu wa retina kwa 34%. Mshipa uliolegea ukisukumwa kwa presha kubwa unavuja zaidi, hakuna fumbo.

Tahadhari moja: sukari iliyokuwa juu sana kwa muda mrefu ikishushwa kwa kasi, kwa insulini au kwa dawa kali za kizazi kipya kama semaglutaidi, retina yenye uharibifu mkubwa inaweza kuzidi kuwa mbaya katika miezi ya mwanzo kabla ya kupata nafuu. Hilo halimaanishi kuacha kushusha. Maana yake ni kwamba retina ikaguliwe kabla ya kuanza, na tena ndani ya miezi michache.

Mistari iliyonyooka inapinda, herufi za katikati zinakosekana

Fremu ya mlango inaonekana kama imekunjwa kiunoni. Ukisoma neno lenye herufi nane, mbili za katikati zina kiwingu. Rangi zimepauka upande mmoja. Tundu la kadi halisaidii. Hapa kuna uwezekano mkubwa wa maji kwenye makyula: kapilari zinavuja, retina inavimba kama sifongo, na seli za kuona zinasukumwa kutoka kwenye mpangilio wake. Picha inapinda kwa sababu ukuta inapoangukia umepinda.

Jipime nyumbani kwa karatasi ya miraba yenye nukta katikati. Vaa miwani ya kusomea, shika karatasi sentimita 30 kutoka usoni, jicho moja kwa zamu, macho yakae kwenye nukta. Mistari ikipinda, ikikatika au kukiwa na doa, chora palepale mahali pa kasoro na uandike tarehe. Mchoro huo ni wa thamani kwa daktari kuliko maelezo ya "naona vibaya". Tafuta miadi ndani ya siku chache, usisubiri ile ya mwaka.

Daktari atapiga picha ya OCT, inayoonesha retina kwa upande kama keki iliyokatwa, na matundu ya maji huonekana wazi. Maji yakiwa yamefika katikati kabisa na kuona kumepungua, tiba ya kawaida ni sindano ya dawa inayozuia VEGF, kama vile aflibercept, ranibizumab au bevacizumab. Ni mililita 0.05 tu, inayoingizwa kupitia sehemu nyeupe ya jicho, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa konea (kioo cha mbele cha jicho), baada ya ganzi na dawa ya ayodini. Huanza kila mwezi. Mwaka wa kwanza mara nyingi huhitaji sindano 8 hadi 10, kisha zinapungua. Kosa linalorudiwa ni kuacha baada ya ya pili au ya tatu kwa kuwa "nimeshapona" au "hakuna mabadiliko". Dawa huisha ndani ya jicho kwa wiki chache, mishipa bado mibovu, maji yanarudi.

Sindano zikikausha makyula lakini kuona kusirudi, angalia upande wa kuziba: kapilari za katikati zinaweza kuwa zimekufa, na hakuna sindano inayozifufua. Au maji yalikaa muda mrefu mno, mafuta yakaganda katikati na seli za kuona zikaharibika. Na macho yote mawili yakivimba kwa pamoja, tena na miguu imejaa, usitazame jicho peke yake. Pima presha na figo, na mkumbushe daktari kama unatumia pioglitazoni, maana dawa hiyo hushikilia maji mwilini.

Masizi, utando wa buibui, moshi mwekundu

Kidoadoa kimoja au viwili vinavyoelea, vya miaka na miaka, kwa kawaida havina neno. Mvua ya ghafla ya vidoadoa vyeusi, nyuzi zinazocheza kila ukigeuza jicho, au pazia la moshi wenye wekundu ni habari nyingine: mshipa mpya umepasuka na damu imemwagika kwenye ute. Mara nyingi mtu huamka nalo asubuhi. Si lazima awe amebeba kitu kizito, na kumlaumu hakusaidii.

Onwa siku hiyohiyo, au kesho yake ukichelewa sana. Hadi hapo usibebe mizigo wala kuinama kwa muda mrefu, na ulale kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu ya kuinua kifua pamoja na kichwa, ili damu ishuke chini na katikati pasafike. Asubuhi inaweza kuonekana mbaya kuliko jioni kwa sababu damu ilitibuka usiku. Usiache aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda kwa uamuzi wako. Aspirini ilichunguzwa katika utafiti mkubwa wa retina ya kisukari na haikuongeza kuvuja damu jichoni, wakati kuiacha kunaweza kuugharimu moyo.

Damu ikiziba daktari asione ndani, atatumia altrasaundi kuhakikisha retina haijabanduka. Ikisafika, huchoma pembezoni mwa retina kwa leza, kwa kawaida alama 1,200 hadi 1,600, kwa kikao kimoja au zaidi. Watu huogopa kuchomwa kwa kudhani leza inaziba mshipa unaovuja damu. Sivyo. Inapunguza tishu yenye njaa ya oksijeni, VEGF inashuka, mishipa mipya inanyauka. Gharama yake ni kuona kwa pembeni na usiku kupungua kiasi, na baadhi hupata maji kidogo ya makyula baada ya leza. Sindano za kuzuia VEGF nazo hunyausha mishipa hiyo, lakini zinamfaa mwenye uhakika wa kurudi; aliyepotea miezi sita baada ya sindano hujikuta pabaya kuliko aliyepotea baada ya leza. Kama safari ni ngumu au fedha hazitabiriki, mwambie daktari kabla hajachagua.

Vimulimuli pembeni mwa jicho, kisha kivuli kinachosogea kama pazia kutoka upande mmoja: hiyo ni retina inabanduka, huenda imevutwa na makovu ya mishipa mipya. Nenda sasa hivi. Katikati kukiwa bado hakujabanduka, saa zina maana.

Jicho jekundu na linauma

Kwa kuwa retina haiumi, maumivu yanaelekeza kwingine. Jicho jekundu, kichwa upande huo kinapasuka, taa zina duara za rangi, kichefuchefu: mishipa mipya inaweza kuwa imeota kwenye airisi, duara lenye rangi linalozunguka mboni, na kuziba mfereji wa maji ya jicho, na presha ya ndani imepanda ghafla. Ni dharura ya leo.

Baada ya sindano ya jicho, tenganisha mambo matatu. Kuwashwa jioni ya kwanza ni ayodini. Doa jekundu kwenye weupe, lisilouma, ni damu chini ya ngozi ya jicho. Hutoka yenyewe kwa wiki moja au mbili. Lakini maumivu yanayozidi, wekundu unaoenea na kuona kunakoshuka kati ya siku ya 2 na ya 7 ni maambukizi ndani ya jicho mpaka ithibitishwe vingine. Ni nadra, chini ya sindano 1 kati ya 1,000, ila jicho linaweza kupotea kwa siku moja. Usianze kwa matone ya dukani.

Nyingine, kwa ufupi

Jicho moja kuzima ghafla bila maumivu: mshipa mkubwa wa retina umeziba. Likitokea, kimbilia hospitali yenye huduma ya kiharusi, kwani ateri ya jicho ni ndugu ya ateri za ubongo.

Kuona viwili viwili: funika jicho moja. Kikirudi kimoja, tatizo ni neva ya misuli ya jicho. Kisukari huweza kuipooza, na wengi hupona kwa takriban miezi 3. Ila kigubiko cha jicho kikilala na mboni ikiwa imepanuka, ni dharura ya ubongo. Vikibaki viwili kwa jicho moja pekee, chunguza lenzi.

Taa za magari zinachoma usiku na rangi zimekuwa za njano: mtoto wa jicho, ambaye kwa wenye kisukari huja mapema. Retina itulizwe kabla ya upasuaji kama hali inaruhusu, kwa sababu upasuaji unaweza kuongeza maji ya makyula.

Mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba akaguliwe miezi mitatu ya kwanza na kuendelea, maana mimba huweza kuharakisha uharibifu. Aliyepata kisukari kwa ajili ya mimba tu hahitaji ratiba hiyo.

Siku ya kukaguliwa

Mwenye aina ya 2 akaguliwe mara tu anapogunduliwa, kwa kuwa sukari huwa imeshakaa juu muda mrefu bila kujulikana. Mwenye aina ya 1, ndani ya miaka 5. Beba miwani yote, orodha ya dawa, HbA1c na presha ya mwisho, na ile karatasi ya miraba uliyochora. Matone ya kupanua mboni huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na ukungu wake hudumu muda wa saa 4 hadi 6, kwa hiyo usiendeshe gari; miwani ya jua itakufaa njiani. Ukaguzi wa kumulika tochi bila kupanua mboni wala kupiga picha ya retina usiuhesabu. Kabla ya kuinuka kitini, uliza: ni ngazi gani kwa kila jicho, na kuna maji kwenye makyula? Na ukichomwa rangi ya floresini mkononi kwa ajili ya picha za mishipa, ngozi itakuwa ya njano kwa saa chache na mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa kwa siku moja hivi. Ni rangi inatoka, figo hazijapata lolote.